Kwa nini madaftari ya Gilbert White bado yanasomwa, na jinsi ya kuanzisha la kwenu

Swali: Nafundisha baiolojia sekondari, mkoani Njombe. Nimepitia kurasa kadhaa za madaftari ya Gilbert White, yule kasisi Mwingereza wa karne ya 18. Nyingi ni mistari mifupi tu: upepo, baridi, ndege fulani ameonekana, matango yamepandwa. Wenzangu wanasema yanachosha, ila mimi nashindwa kuyaacha. Kinachovutia humo ni nini hasa? Na nikitaka kuanzisha daftari la namna hiyo na wanafunzi, nifanyeje lisije likaishia kuwa pambo la maabara?

Jibu: Mwalimu, wenzako hawajakosea sana. Ukiyasoma mfululizo kama riwaya, kufika Machi utakuwa umesinzia. Yanavutia kwa sababu nyingine: White alitenga alichokiona na alichokidhani, na alichokiona alikiandika kwa namna ambayo mtu wa baadaye anaweza kwenda mahali palepale akakikagua. Watu wamekuwa wakikikagua kwa zaidi ya miaka 200, na bado kazi haijaisha.

Alizaliwa mwaka 1720 Selborne, kijiji cha Hampshire kusini mwa Uingereza, akasoma Oriel College kule Oxford, kisha akarudi kijijini na kuwa kasisi msaidizi. Mwaka 1751 alianza daftari la bustani: mbegu gani, lini, samadi kiasi gani. Mambo yalibadilika Januari 1768, alipoanza kujaza fomu iliyochapishwa, aliyopewa na Daines Barrington, mwanasheria aliyeibuni mwenyewe. Kila wiki ilikuwa na ukurasa wake, na ukurasa ulikuwa na safu: mahali, barometa, kipimajoto, upepo, mvua kwa inchi, hali ya hewa, miti iliyotoa majani, mimea iliyochanua, ndege na wadudu waliotokea au kutoweka, na nafasi ya mengineyo. Alijaza fomu hizo kwa miaka 25. Mstari wa mwisho ni wa tarehe 15 Juni 1793; alifariki tarehe 26 mwezi huohuo.

Usidharau ile fomu. Mtu akipewa karatasi tupu ataandika kinachomfurahisha, na kesho kutwa hatakuwa na cha kuandika. Safu iliyo wazi inamlazimisha kutoka nje akaangalie. Kitabu chake cha mwaka 1789 kuhusu Selborne kilijengwa juu ya madaftari hayo, ila kimepigwa pasi: kimepangwa kama barua kwa Barrington na kwa mtaalamu wa wanyama Thomas Pennant, na baadhi ya barua hizo hazikuwahi kutumwa kwa yeyote. Anayetaka Kiingereza kizuri asome kitabu. Anayetaka kumwona mtu akifikiri, huku hajui kesho kutatokea nini, ashike madaftari.

Tuchukue Desemba 1784, kwa sababu mtu wa Njombe ataielewa kuliko msomaji wa London. Baridi kali ilishuka. White alitundika nje vipimajoto viwili, kimoja kilichotengenezwa na Martin na kingine na Dollond. Cha Martin kilikuwa na alama zinazoishia digrii 4 za Farenhaiti. Zebaki ikashuka chini ya alama zote, ikajificha ndani ya kikombe cha shaba kilicholinda tufe lake. Usiku wa tarehe 10, saa 5, cha Dollond kilisoma digrii 1 chini ya sifuri, yaani karibu −18 za Selsiasi. White akajiuliza: kama hapa bondeni ni hivi, Newton itakuwaje? Newton ni kijiji cha jirani, juu ya nyumba yake kwa futi 200 au zaidi, kama mita 60. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemwandikia jirani wa huko atundike kipimajoto chake, akitarajia maajabu. Majibu yalipokuja, usiku uleule, saa ileile, Newton ilisoma digrii 17, yaani karibu −8 za Selsiasi. Juu kulikuwa na joto zaidi kuliko chini.

Angalia alichofanya baada ya hapo. Hakuyatupa majibu kwa kuwa hayakulingana na akili yake, wala hakukimbilia kutunga nadharia. Alishuku chombo. Akapeleka kipimajoto chake kimoja Newton, kikawekwa pembeni ya kile cha jirani, na vyote vikasoma sawasawa. Basi tofauti ilikuwa ya kweli: digrii 18 za Farenhaiti kwa usiku mmoja. Kisha akaongeza ushahidi ambao hautegemei zebaki kabisa. Vichaka vya bustani yake, vile visivyopukutisha majani, viliungua kwa baridi. Miti ya aina hiyohiyo kule Newton haikupoteza hata jani. Na aliandika jambo dogo ambalo wengi wangelisahau: hewa ilikuwa imetulia tuli.

Utulivu huo ndio ufunguo. Usiku usio na upepo wala mawingu, ardhi hupoteza joto, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, kisha huteremka mteremko na kujikusanya bondeni. Ndiyo maana sakitu huchoma viazi vya bondeni na kuviacha vya kilimani, jambo ambalo mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kufundishwa. White hakuwa na maelezo kamili. Alikuwa na tarehe, saa, tofauti ya kimo, vyombo vilivyolinganishwa na hali ya upepo, na kwa hivyo vitano mtu yeyote leo anaweza kulimaliza swali lake.

Kiangazi cha 1783 nacho kina uzito huohuo. Kuanzia tarehe 23 Juni hadi 20 Julai alirekodi ukungu mkavu wa ajabu: jua la adhuhuri limefifia kama mwezi wenye mawingu na kutoa mwanga wa rangi ya kutu, joto likawa kali kiasi kwamba nyama haikulika siku moja baada ya kuchinjwa. Akaongeza kuwa katika muda wote huo upepo uligeuka pande zote bila kuibadilisha ile hewa. Leo tunajua kwamba nyufa za Laki, Iceland, zilianza kutoa lava na gesi ya salfa tarehe 8 Juni mwaka huo. White hakulijua hilo. Lakini ile sentensi ya upepo inaonyesha kuwa haukuwa moshi wa jirani aliyechoma shamba; ukungu ulikuwa umeshaenea kila upande.

Sasa kosa lake, ambalo kwangu mimi ndilo somo kubwa kuliko yote. Mbayuwayu huonekana Selborne kuanzia Aprili, yeye akitaja tarehe 13 kama kawaida, na hutoweka vuli. Wanakwenda wapi? Ndugu yake John, aliyekuwa kasisi Gibraltar, kusini mwa Hispania mkabala na Afrika, alimweleza jinsi wanavyovuka mlango wa bahari kwa makundi makubwa. White aliamini kwamba wengi huhama. Hata hivyo alikuwa na kumbukumbu zilizomsumbua: siku ya joto Novemba, wiki kadhaa baada ya wote kuondoka, wachache wanaibuka ghafla. Akashikilia kwamba baadhi hujificha na kulala baridi yote, hata akaajiri watu wapekue vichaka na mashimo. Hawakupata kitu, naye akaandika kuwa hawakupata kitu. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivalishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini. Nadharia ya kulala imekufa. Tarehe za White hazikufa, kwa sababu hakuzikunja zifuate imani yake, na ndizo zinazotumika hadi leo kulinganisha majira ya sasa na ya karne yake. (Mbayuwayu wa Ulaya mnaowaona Njombe kati ya Septemba na Aprili ni spishi hiyohiyo, ila msiwaambie wanafunzi kuwa ni wa Hampshire, huku kwetu wengi huweza kuwa wa mashariki zaidi, hadi Urusi.)

Yapo pia mambo madogo ya kufurahisha tu. Alipima panya wadogo wa mashamba ya nafaka, wawili kwa pamoja, wakalingana na sarafu moja ya shaba ya nusu peni, theluthi ya aunsi, kama gramu 9. Alipigia nyuki kelele kwa tarumbeta ya kusemea iliyosogezwa hadi kwenye mzinga, nao hawakujali. Alirithi kobe wa shangazi yake mwaka 1780, Timothy, ambaye baada ya kufa gamba lake lilionyesha kuwa ni jike. Na alihesabu teleka wa kijiji, ndege wanaofanana na mbayuwayu: kila mwaka jozi 8, karibu nusu yao kanisani. Akauliza, kama kila jozi hulea makinda kila mwaka, mbona idadi haipandi? Wanaikolojia waliohesabu tena mwaka 1983 walipata jozi 12. Swali lake bado linafundishwa vyuoni.

Kuhusu kuyasoma, usianze Januari 1768. Chagua mwezi mmoja, tuseme Aprili, usome Aprili zote hadi 1793. Hapo ndipo utaona mwaka unavyocheza. Vipimo vyake vya mvua vinaonyesha hilo vizuri: mwaka 1780 inchi 27.32, kama milimita 694. Mwaka 1782 inchi 50.26, kama milimita 1,277. Karibu mara mbili, mahali palepale, na White mwenyewe alionya kuwa miaka yake ya kupima ilikuwa michache mno kutaja wastani. Jihadhari na tarehe za daftari la bustani kabla ya Septemba 1752, maana Uingereza ilikuwa bado kwenye kalenda ya zamani. Ongeza siku 11 kabla ya kulinganisha na leo. Joto ni Farenhaiti: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9.

Haya, la kwenu. Nunueni kaunta buku la kwaya 3. Huwa na kurasa 288. Wiki moja ikichukua kurasa mbili zinazotazamana, mwaka unakula 104, miaka miwili 208, na zinabaki 80 za ramani, orodha ya majina na faharasa. Ukurasa wa kushoto uwe na safu: tarehe na saa, joto la chini na la juu, mvua, upepo na mawingu, mimea, ndege na wadudu, jina la aliyeandika. Wa kulia ni wa maelezo na dhana, na kila dhana ianze na neno "Nadhani". Tumieni penseli, wino wa kalamu nyingi husambaa daftari likilowa, na hili litalowa. Michoro mtu akipenda. Siku hizi mitandaoni daftari la maumbile limegeuka kuwa shindano la rangi za maji, wakati White hakuwa mchoraji kabisa: alipotaka picha za kitabu mwaka 1776 alimwajiri Samuel Hieronymus Grimm.

Kipima mvua cha kununua ni kizuri, ila kopo linatosha mkijua hesabu yake. Tafuteni lenye mdomo wa mviringo kamili na kingo zisizopinda. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo kila milimita 1 ya mvua huingiza mililita 7.85. Wekeni faneli ndani ili maji yasikaukie humo, na pimeni kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Mkipata mililita 63, mvua ilikuwa milimita 8. Eneo linalohesabiwa ni la mdomo unaopokea mvua, si la chombo kilicho chini yake. Hapa ndipo wengi huharibu. Kosa la pili ni kukata chupa ya soda na kutumbukiza rula. Kitako chake kina mabonde, hivyo milimita za kwanza zote zinakuwa za uongo, na mvua ndogo ndizo nyingi.

Mdomo wa kopo uwe kama sentimita 30 juu ya ardhi, penye majani na si sementi, maana matone hudunda sementini na kuingia. Umbali kutoka kwenye jengo au mti uwe angalau mara mbili ya kimo chake. Someni saa 3 asubuhi kila siku. Amueni mapema kama maji hayo yataandikwa kwenye tarehe ya kusoma au ya jana yake, na muiandike kanuni hiyo kwenye jalada la ndani. Mwalimu mpya akiibadilisha kimyakimya, miaka miwili ya kazi inachanganyika. Shule ikifungwa wikiendi, msigawanye maji ya Jumatatu kwa tatu. Andikeni jumla na mabano yanayoonyesha ni ya tangu Ijumaa.

Kipimajoto kina mtego wake. Vitabu vya Ulaya husema kitundikwe ukuta wa kaskazini, na kwao ni sawa. Njombe iko kama digrii 9 kusini mwa ikweta: Juni jua linapiga ukuta wa kaskazini, Desemba linapiga wa kusini. Kwa hiyo hakuna ukuta salama mwaka mzima. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye mapengo ya kupitisha hewa, kipakwe rangi nyeupe, kisimame juu ya nguzo mita 1.5 hivi, mlango ukielekea kusini. Bati tupu bila mbao halifai, hugeuka jiko. Mkiweza kupata kipimajoto cha pili, kiwekeni sehemu ya chini kabisa ya uwanja wa shule, na kuanzia Juni hadi Agosti someni vyote viwili alfajiri, huku mkiandika kama kuna upepo. Mtakuwa mmerudia Newton na Selborne bila kutoka shuleni.

Kwa viumbe, chagueni sita au saba, si zaidi. Mbayuwayu wa Ulaya wa kwanza na wa mwisho, korongo mweupe, kumbikumbi wa kwanza baada ya mvua, jakaranda mmoja, mparachichi mmoja. Nasema mmoja kwa maana ya mti uleule, wenye namba ya rangi shinani. Mkirekodi jakaranda yoyote iliyowahi kuchanua, mwaka huu mtaandika ya posta na mwakani ya kanisani, na tofauti mtakayoiona itakuwa ya miti, si ya majira. Kuchanua nako kuwe na maana moja, yaani ua la kwanza lililofunguka kabisa. Kwa mbayuwayu, kuweni waangalifu: nyanda za juu zina spishi wakazi wenye koo jekundu vilevile. Yule wa Ulaya ana mkanda mweusi usiokatika kifuani, na tumbo jeupe au lenye rangi ya maziwa. Asiyeuona mkanda aandike "mbayuwayu, spishi haijulikani", na asionewe aibu.

Kuna alama mbili zinazotofautisha daftari lenye thamani na lisilo nayo. Sifuri maana yake tumeangalia, hakuna. Kistari maana yake hatukuangalia. Pengo tupu lisiruhusiwe kabisa, kwa sababu baada ya miaka mitano hakuna atakayejua kama ndege hakuja au mwanafunzi wa zamu alikuwa anaumwa. Likizo ndefu zipigwe vistari. Na anayesahau siku asiijaze Ijumaa kwa kukisia. Data ya kukisia huonekana haraka, maana upepo unakuwa "wa kawaida" siku nne mfululizo.

Tatizo la mwisho ni wingi wa macho. White alikuwa mtazamaji mmoja kwa miaka 25, hivyo tarehe zake za "wa kwanza" zinalinganishika. Nyinyi mwaka wa kwanza mtakuwa wanafunzi 10, wa pili 60, na mbayuwayu wa kwanza ataonekana mapema zaidi kwa sababu tu wanaomtafuta wameongezeka. Wekeni matembezi ya aina moja: njia ileile, dakika 30, mara mbili kwa wiki, watu watatu. Matokeo yake yaende kushoto. Aliyeonwa na mwanafunzi akiwa njiani kwenda nyumbani aandikwe kulia, na jina la mwonaji.

Kurasa za mwanzo chora ramani: kopo liko hatua ngapi kutoka kona gani ya darasa, kipenyo cha mdomo wake, namba za miti, njia ya matembezi. Wewe unaweza kuhamishwa wakati wowote, na anayekuja asilazimike kukupigia simu ili ajue mililita zako zilitoka wapi. Kila mwisho wa muhula pigeni picha kurasa zote na kuzihifadhi mahali pawili. Kopo likitoboka au likilazimika kuhamishwa, wekeni jipya huku la zamani likiwa limezibwa na kuendelea kusomwa, yote mawili kwa msimu mmoja mzima wa mvua, kila moja na safu yake. Vikipishana kwa milimita 1 au 2 kwenye mvua kubwa, endeleeni. Vikipishana zaidi, tafuteni kwanza kama mdomo umepinda au kuna tawi lililokua juu yake.